Daftari, mshauri, kikundi au kocha: mwenye biashara ajitazame kwa njia ipi?

Nikikaa na wenye biashara ndogo na za kati, wale wenye wafanyakazi watatu mpaka thelathini, mazungumzo huanza na mtaji, kodi na wateja wasiolipa. Tukiendelea kidogo hufika penye kidonda. Mmoja hawezi kumwachia mtu mwingine ufunguo wa stoo. Mwingine anaona haya kudai, kwa hiyo orodha ya wadaiwa inarefuka huku rafu zinabaki wazi. Wa tatu akikosolewa hununa siku mbili, na vijana wa duka wameshajifunza kumficha habari mbaya. Yote haya yanajitokeza kwenye hesabu za mwisho wa mwezi, lakini chanzo chake ni mtu mmoja, naye ndiye anayeongoza.

Wengi wameshaukubali ukweli huo na wanataka kujirekebisha. Wanachouliza ni njia. Niandike daftari kila jioni? Nitafute mtu mzima aliyenitangulia? Nijiunge na wenzangu? Nilipe kocha? Nisome kozi ya uongozi? Njia hizi hutangazwa kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Hazifanyi, na ukichagua isiyokufaa utapoteza pesa, kisha utakata tamaa ukidhani wewe ndiye usiyebadilika.

Kipimo ninachotumia kuzilinganisha nimekipata kwa Joseph Luft na Harrington Ingham, wanasaikolojia wa Marekani ambao mwaka 1955 waliieleza nafsi ya mtu kama dirisha lenye vioo vinne. Kuna mambo yako unayoyajua na watu wanayajua. Kuna unayoyajua mwenyewe lakini umeyaficha. Kuna ambayo watu wanayaona kwako na wewe huyaoni. Hapo wahenga walishamaliza maneno, nyani haoni kundule. Na kuna ambayo hakuna anayeyajua bado, mpaka siku ya shida ndipo yanajitokeza. Kiongozi huharibu zaidi kwa vile vioo viwili vya katikati, alichokificha na asichokiona. Kwa kila njia basi nauliza: inafungua kioo kipi, inakula pesa na muda kiasi gani, siri yako inabaki salama, na je, wiki ijayo utaamua jambo tofauti na ulivyokuwa ukiamua? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kujitafakari ambako hakugusi uamuzi wowote ni starehe ya moyo, na biashara haiongozwi na starehe.

Daftari

Hii ndiyo njia ya bei rahisi na ya siri kuliko zote, na ni ya kale. Waislamu wa pwani wamelelewa na maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar bin al-Khattab, kwamba tuzihesabu nafsi zetu kabla hatujahesabiwa, na wapo wafanyabiashara ambao baada ya Isha huihesabu siku yao kama walivyoihesabu droo. Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia katika karne ya 18, alijiandikia fadhila 13 na kutengeneza kijitabu chenye jedwali. Kila wiki alishughulika na fadhila moja, na kila alipoikosea aliweka doa jeusi. Asubuhi alijiuliza atafanya jema gani siku hiyo, jioni akajiuliza amefanya jema gani. Alikiri kwamba fadhila iliyomsumbua zaidi ni ya utaratibu, kila kitu kukaa mahali pake na kila kazi kuwa na wakati wake. Hata hivyo mwaka 1748, akiwa na miaka 42, aliweza kumkabidhi mshirika wake kiwanda cha chapa na kuacha kukisimamia kila siku. Kwa yule asiyeweza kuachia ufunguo wa stoo, hilo ni jambo la kulitazama.

Daftari hufungua kioo cha yaliyofichwa. Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jioni anaandika: "Nimempa fundi yule mifuko kumi ya saruji kwa mkopo. Deni la mwezi uliopita hajamaliza. Nimempa kwa sababu alinisifia mbele ya watu, nikaona aibu kumkatalia." Maneno hayo hatamwambia mkewe, wala hatamwambia mhasibu. Lakini yakishakuwa kwenye karatasi kwa mwandiko wake, akayakuta tena wiki mbili baadaye, na tena mwezi unaofuata kwa mteja mwingine, ameshaipata tabia yake mkononi. Sasa anaweza kuiwekea kanuni: mkopo hautolewi kaunta, mwombaji atajibiwa kesho yake asubuhi. Kanuni kama hiyo imetoka kwenye nafsi yake na imeingia kwenye biashara.

Mtego uko kwenye aina ya maswali. Tasha Eurich, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza maelfu ya watu kuhusu kujitambua, alikuta kwamba karibu kila mtu hujiona anajitambua, lakini waliotimiza vigezo vyake walikuwa kati ya asilimia 10 na 15 tu. Aligundua pia kwamba wanaojichunguza sana si lazima wajijue zaidi, kwa sababu swali la "kwa nini" huwafanya watunge majibu yanayowapendeza au yanayowaumiza bure. Alishauri tujiulize "nini". Ukiandika "Kwa nini vijana wangu hawaaminiki?" utapata hadithi ndefu ambayo wewe ndiye mwema wake. Ukiandika "Nini hutokea dukani siku ninazochelewa kufika, na nini hutokea siku ninazowahi?" utalazimika kutazama.

Mimi nashauri daftari la maamuzi kuliko daftari la hisia. Kila uamuzi wenye pesa au mtu ndani yake uandikie mistari mitatu: nimeamua nini, nategemea nini kitokee, nitapima lini. Tarehe ikifika, rudi usome. Kumbukumbu zetu hutupendelea. Tukifaulu tunasema tulijua, tukishindwa tunasema tulidanganywa. Mwandiko wa mwezi uliopita haukubali upendeleo huo. Ray Dalio, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Bridgewater huko Marekani, alitabiri hadharani mwaka 1982 kwamba uchumi wa nchi yake ulikuwa unaingia kwenye mdororo mkubwa. Soko likapanda. Aliwaachisha kazi watu wake wote mpaka akabaki peke yake, na akakopa dola 4,000 kwa baba yake ili aishi. Baada ya hapo alijizoeza kuandika misingi ya maamuzi yake na kujiuliza atajuaje kwamba yuko sahihi. Lakini zingatia jambo moja: hakuishia kwenye karatasi. Alianza kuwatafuta watu werevu wasiokubaliana naye, ili wamwonyeshe alipokosea kabla soko halijamwonyesha.

Hapo ndipo daftari linapofika mwisho wake. Karatasi haikukatizi maneno. Mwenye hasira ataandika sababu nzuri za hasira yake ukurasa baada ya ukurasa, na kioo cha yale asiyoyaona kitabaki na ukungu uleule.

Mshauri aliyekutangulia

Kwa njia hii tuna ushahidi wa hapa kwetu, na ni mzuri. Wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifanya jaribio Dandora, Nairobi, kwa wanawake wenye biashara ndogondogo, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Kundi moja lilipewa mshauri, mwanamke wa mtaa uleule aliyekuwa amefanikiwa kwenye biashara. Kundi jingine walilipeleka darasani likafundishwa biashara. Waliopewa mshauri faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Waliokwenda darasani walibadilisha baadhi ya taratibu zao, lakini faida haikusogea. Maelezo ya watafiti ni kwamba kilichohitajika kilikuwa habari za mahali pale na za biashara ile, ambazo darasa la jumla halikuwa nazo.

Nayaamini matokeo hayo kwa sababu nimeshasikia mazungumzo ya namna hii mara nyingi, kati ya mama mwenye mgahawa na mama aliyemtangulia:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Biashara inasemaje?"

"Wateja wapo mama, ila pesa siioni."

"Chakula cha nyumbani kwako kinatoka wapi?"

"Kinatoka hapahapa."

"Unakilipia?"

"Aa, mama, si changu?"

"Cha biashara hicho. Sahani ngapi kwa siku?"

"Nne hivi."

"Basi kuanzia leo weka pesa ya sahani nne kwenye kopo, kama mteja yeyote. Mwisho wa mwezi njoo na hilo kopo."

Sahani nne za shilingi 3,000 kwa siku 26 za kazi ni shilingi 312,000. Hakuna daftari la hisia ambalo lingeifikia hiyo hesabu, kwa sababu mwenye mgahawa hakuiona kama tatizo. Mshauri aliiona kwa swali moja kwa kuwa naye aliwahi kulisha nyumba kwa sufuria ya biashara. Hii ndiyo nguvu ya mtu aliyekutangulia kwenye kazi ileile: anafungua kioo cha usichokiona, na anafanya hivyo haraka.

Udhaifu wake upo na ni lazima utajwe. Dandora faida ile ilikuwa kubwa mwanzoni, ikapungua kadiri wawili wawili walivyoacha kukutana. Ushauri ulizaa matunda wakati uhusiano ulipokuwa hai. Tabia ya kujiuliza maswali yale mwenyewe haikuota mizizi ya kutosha. Halafu kuna adabu zetu. Mzee akishasema, ni vigumu kijana kumwambia kwamba soko limebadilika, kwamba wateja wa leo wanaagiza kwa simu na kulipa kwa lipa namba, kwamba mkopo wa mdomo aliouzoea hauwezi tena kuendesha duka. Mshauri anaweza kukurithisha busara yake pamoja na woga wake. Kwa hiyo mchague aliyefanya kazi kama yako, lakini asiyewinda wateja walewale, na aliyewahi kupata hasara akakubali kuisimulia. Anayesimulia ushindi tu hatakusaidia kujitazama. Utatoka kwake umejaa sifa zake.

Asiye na mtu wa namna hiyo kwenye ukoo au mtaani ana mahali pa kuanzia. Taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria imekuwa tangu 2015 ikiwachukua wajasiriamali wa nchi zote za Afrika, ikiwapa mafunzo, mshauri na mtaji wa kuanzia wa dola 5,000. Vyama vya wafanyabiashara na vyama vya waliosoma pamoja navyo huwa na wazee ambao wangefurahi kuulizwa.

Na darasa je?

Nimeshasema Dandora darasa halikuongeza faida. Lakini lipo darasa la aina nyingine, na tofauti yake inagusa moja kwa moja mada hii. Huko Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo 1,500. Wengine walifundishwa mambo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha. Wengine walifundishwa mwenendo wa mtu mwenyewe: kuanza jambo bila kusubiri kusukumwa, kutazama mbele, kung'ang'ana baada ya kukwama. Mafunzo hayo yalijengwa juu ya kazi ya mwanasaikolojia Michael Frese, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa muda wa miaka miwili, waliofundishwa mwenendo faida yao iliongezeka kwa asilimia 30. Waliofundishwa ya kawaida waliongeza asilimia 11, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati.

Basi ukitaka kozi, usiulize cheti kinatoka wapi. Uliza kama utapewa zoezi la kufanya kwenye biashara yako mwenyewe kati ya kipindi na kipindi, na kama mwalimu atakuuliza ulifanya nini uliposhindwa. Kozi isiyo na hayo mawili naiweka mwisho wa orodha, hata kama ukumbi una kiyoyozi na chakula cha mchana.

Kikundi cha wenzako

Franklin yuleyule mwenye kijitabu cha madoa aliona mapema kwamba kijitabu hakitoshi. Mwaka 1727, akiwa kijana asiye na mali, aliwakusanya wenzake wa Philadelphia, wengi wao watu wa kazi za mikono na biashara, wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni. Walikuwa na maswali yaliyoandikwa ya kujibiana. Mojawapo liliuliza kama kuna mwananchi aliyefilisika siku za karibuni na sababu yake ni nini. Jingine liliuliza kama kuna anayestawi na anastawi kwa njia gani. Maswali hayo ukiyapeleka Kariakoo au Gikomba leo yatajaza jioni nzima.

Ushahidi wa karne hii unatoka Nanchang, China. Jing Cai na Adam Szeidl waliandikisha kampuni changa 2,820, wakazipanga baadhi kwenye vikundi vidogo ambavyo wakuu wake walikutana kila mwezi kwa mwaka mmoja, nyingine wakaziacha bila vikutano. Kampuni za vikundini mapato yao yalizidi kwa asilimia 8.1, na tofauti hiyo ilidumu mwaka mzima baada ya vikutano kwisha. Hapo kikundi kimemshinda mshauri. Nguvu ya mshauri ilififia, ya kikundi ikabaki. Matokeo mengine mawili yanafaa kushikwa: waliopangwa na wenzao wenye kampuni bora walikua zaidi, na watu waliambiana habari za maana zaidi pale ambapo hawakuwa washindani.

Sasa wengi wataniambia, tunavyo vikundi tayari. Tuna vikoba, tuna chama, tunakutana kila wiki. Ni kweli, na ni utajiri mkubwa ambao nchi nyingine hazina. Ila angalia kinachozungumzwa. Hisa zimenunuliwa, marejesho yamepokelewa, faini za wachelewaji zimelipwa, mfuko wa jamii umechangiwa, watu wameondoka. Hakuna aliyesema kwamba biashara inamshinda, na ana sababu: anayeonekana kuyumba atanyimwa mkopo na wenzake walewale. Kikundi kinachoshika pesa yako ni vigumu kikashika pia aibu yako. Ndiyo maana nasisitiza kikundi cha kujitazama kiwe tofauti na kikundi cha kukopeshana, hata kama watu wawili watatu ni walewale.

Watu sita hadi wanane wanatosha. Kazi zao zisifanane: mwenye saluni, mwenye shule ya awali, mwenye malori mawili, fundi mkuu wa aluminiamu. Kila kikutano mmoja aweke jambo lake mezani, wengine waulize maswali kwanza, ushauri uje baadaye. Sharti la siri liwekwe siku ya kwanza, na anayelivunja atoke. Bila sharti hilo watu watakuja kujisifu tu. Mficha uchi hazai, lakini hakuna anayeuvua mbele ya asiyemwamini.

Wakuu wa kampuni kubwa wana mabaraza yao, kama YPO iliyoanzishwa Marekani mwaka 1950 kwa ajili ya wakuu vijana, na CEO Roundtable ya Tanzania iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukiwa umefika ngazi hiyo, ingia. Kama hujafika, kikundi cha watu saba kwenye ukumbi wa mgahawa siku ambayo wateja ni wachache kinafanya kazi ileile.

Kocha wa kulipwa

Kocha mzuri ni kitu cha thamani. Eric Schmidt alipochukua uongozi wa Google mwaka 2001 alishauriwa na mwekezaji John Doerr atafute kocha. Alikasirika kidogo, akajiuliza kocha wa nini wakati yeye ni mkuu mwenye uzoefu. Aliyeletewa ni Bill Campbell, aliyewahi kufundisha mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia na baadaye kuongoza kampuni ya Intuit. Miaka baadaye Schmidt alisema huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote aliowahi kupewa. Campbell, aliyefariki mwaka 2016, alimshauri pia Steve Jobs wa Apple.

Mfano huo hutumiwa sana na wanaouza huduma hii, na mimi nauona una kasoro moja kwa msomaji wa kawaida. Campbell alikuwa ameendesha kampuni. Alikuwa mshauri na kocha ndani ya mtu mmoja. Wengi wanaojiita makocha leo hawajawahi kulipa mishahara ya watu kumi mwezi ambao mauzo yameanguka. Kazi ya kocha kwa kawaida ni kuuliza, si kujibu, na hilo lina faida yake: hana soko la kulilinda, hana undugu nawe, atakukatiza maneno unapojitetea, na atakufuatilia wiki baada ya wiki kama ulitimiza ulichoahidi. Lakini mama wa mgahawa asingeulizwa habari ya sahani nne na kocha asiyejua jiko la biashara.

Kama unataka kulipa, chunguza kwanza. Mtu yeyote anaweza kujiita kocha. ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995, hutoa vyeti vya ngazi tatu, na masharti yake ni pamoja na saa za kazi halisi alizofanya kocha: 100 kwa ngazi ya kwanza, 500 kwa ya pili, 2,500 kwa ya tatu. Uliza ana ngazi gani, kisha omba kuzungumza na watu wawili aliowahudumia. Kipindi cha kwanza akikuahidi kuongeza mauzo yako maradufu, mshukuru uondoke.

Kuhusu kujitenga kwa siku kadhaa nje ya mji, kama Bill Gates alivyokuwa akienda kwenye kibanda msituni na rundo la makaratasi: ni jambo zuri kwa anayeweza kuifunga simu wiki nzima bila duka kusimama. Wengi wa wasomaji hawajafika hapo, na wakifika watakuwa wameshajirekebisha kwa njia nyingine.

Wanaokuona kila siku

Njia ya mwisho haiuzwi na mtu yeyote, labda ndiyo sababu haitangazwi. Wafanyakazi wako wanajua unapokasirika unafanya nini, wanajua nani unampendelea, wanajua ni habari gani hutaki kuisikia. Wanakiona kioo chako cha tatu kwa saa nane kila siku. Tatizo ni mshahara. Ukimwuliza kijana wa duka, "Mimi ni bosi mzuri?" atasema ndiyo, na hajakosea, kwani ana kodi ya chumba.

Oktoba 2014, miezi minane baada ya kuwa mkuu wa Microsoft, Satya Nadella aliulizwa kwenye mkutano wa wanawake wa teknolojia huko Phoenix nini cha kufanya kwa wanawake wanaoogopa kuomba nyongeza. Alijibu kwamba wauamini mfumo, malipo yatakuja yenyewe. Aliyekuwa akimhoji, Maria Klawe, mjumbe wa bodi yake mwenyewe, alimpinga palepale jukwaani. Siku hiyohiyo Nadella aliwaandikia wafanyakazi wote kwamba jibu lake lilikuwa kosa kabisa. Alikuwa na bahati ya kuwa na mtu aliyeweza kumpinga bila kuogopa. Mwenye duka la watu sita hana bodi. Inambidi aitengeneze hiyo nafasi mwenyewe.

Usiulize kuhusu wewe. Uliza kuhusu kazi iliyokwisha. Jeshi la Marekani lina utaratibu wa maswali manne baada ya kila zoezi: tulipanga nini kitokee, nini kimetokea, kwa nini kuna tofauti, wakati mwingine tutafanyaje. Wakubwa na wadogo hujibu pamoja. Baada ya siku ya mauzo makubwa ya sikukuu, au baada ya mzigo kuchelewa, kaeni dakika ishirini kwa maswali hayo, na wewe ujibu wa mwisho. Mtu akisema "Mzigo ulichelewa kwa sababu tulikusubiri bosi utie sahihi," usijitetee. Andika. Wiki ijayo mpe mwingine ruhusa ya kusaini mpaka kiasi fulani. Wakishaona kwamba neno lao limebadilisha kitu, la pili litakuja lenyewe. Wakiona umenuna, watanyamaza mwaka mzima. Na anayeacha kazi kwa amani, mwite umwulize ni jambo gani lako lililomfanya kazi yake iwe ngumu. Huyo hana tena sababu kubwa ya kukuogopa.

Uchague ipi

Ukiwa na biashara chini ya miaka mitatu na wafanyakazi wachache, anza na mshauri wa kazi kama yako, mkutane angalau mara moja kwa mwezi, na uandike daftari la maamuzi ili uwe na cha kumwonyesha. Hivi viwili pamoja vinazibiana pengo: yeye anaona usichokiona, daftari linabaki siku asipokuwepo. Pesa ya kozi weka kando kwanza.

Ukiwa umeshakua, mauzo yapo lakini umefika mahali kila kitu kinakusubiri wewe, kikundi cha wenzako kitakufaa kuliko mshauri. Mshauri wako labda naye alikwama hapohapo. Kwenye kikundi utamkuta aliyewahi kuachia ufunguo wa stoo na akasimulia kilichotokea. Na usikose yale maswali manne na wafanyakazi, maana wao ndio wanaosubiri.

Ukiwa unajua kabisa kosa lako, umeshaambiwa na mke au mume, na wafanyakazi, na mshauri, na bado unalirudia, huhitaji tena mtu wa kukuonyesha. Hapo ndipo kocha anapostahili pesa yake, kwa ile kazi ya kukufuatilia. Weka muda, tuseme miezi mitatu, na jambo moja tu la kubadilisha ambalo wafanyakazi wenyewe wanaweza kulishuhudia.

Ukiongoza biashara ya familia, mambo hubadilika kidogo. Kaka, dada na shemeji hawawezi kuwa kikundi chako cha siri, na baba mwanzilishi hawezi kuwa mshauri pekee, kwa kuwa kila neno lina urithi nyuma yake. Tafuta wa nje kwanza, hata mmoja, kabla ya kuitisha kikao cha ukoo.

Na kama hulali, huli, unalia peke yako ofisini au pombe imeanza kuingia mchana, usianze na chochote kati ya hivi. Nenda hospitali uonane na daktari au mtaalamu wa saikolojia, na mkabidhi mtu unayemwamini funguo kwa wiki hizo.